Kumsafirisha mama kwa ndege akiwa na oksijeni, insulini na begi zima la dawa

Mama yangu mapafu yana makovu, daktari anasema yamekakamaa, hayafunguki kama zamani, kwa hiyo akitembea au akilala anavaa mrija wa oksijeni puani. Akiwa amekaa ametulia anaongea vizuri tu, ukimkuta sebuleni huwezi kujua kama anaumwa. Juu ya hayo ana sukari na anachoma insulini. Sasa kaka yangu anaishi nchi ya mbali, safari ya ndege mbili, na alikuwa anaoa, na mama akasema harusi ya mwanawe wa kwanza yeye haiangalii kwenye simu, kwisha. Ndo tukaingia kwenye hii kazi. Naiandika kwa kirefu kwa sababu wakati natafuta mtu aliyepitia haya anieleze kwa lugha ninayoielewa sikumpata, na najua wapo wengi wana mzazi au mtoto kama wangu na wamekata tamaa kabla hata ya kuuliza.

Tulianzia kwa daktari wa mapafu, na nashukuru tulianzia huko kabla ya kugusa tiketi. Alichotueleza ni hiki. Ndege ikiwa juu, ndani wanasukuma hewa lakini hawaifikishi kwenye presha ya huku ardhini, wanaiacha kama ya mtu aliyeko mlimani, mita 1,800 mpaka 2,400 hivi. Oksijeni kwenye hiyo hewa ni ile ile asilimia 21, ila kwa vile presha imeshuka mapafu yanapata kidogo, ni sawa na kuvuta hewa yenye oksijeni asilimia 15 ukiwa usawa wa bahari. Mtu mzima wa afya anashuka kidogo, kile kipimo cha kidoleni kinachoonyesha asilimia ya oksijeni kwenye damu kinaweza kusoma 92 au 93 badala ya 98 na wala hasikii chochote. Mama akiwa amekaa tu nyumbani bila mrija anasoma 93. Sasa piga hesabu mwenyewe akipanda huko juu.

Akampeleka kwenye kipimo. Unakaa kwenye kiti, unavalishwa maski, unapewa hewa yenye oksijeni asilimia 15 kwa kama dakika 20 huku wanaangalia namba. Nilikuwa nimesimama pembeni. Namba ikatoka 93 ikaja 90, ikaja 88, ikatulia kidogo, halafu ikateleza mpaka 83. Na mama muda wote huo anaonyesha kwa mikono kwamba yuko sawa, macho yanacheka juu ya maski, anashangaa kwa nini nesi amekunja uso. Pale ndo roho yangu ilistuka kweli, kwamba oksijeni inaweza kushuka kiasi kile na mwenyewe hana habari. Wakamuwekea lita 2 kwa dakika juu ya hewa ile ile, ikapanda ikakaa 91. Daktari akaandika: ndani ya ndege oksijeni lita 2 muda wote, hata akiwa amekaa.

Kwa hiyo kama mgonjwa wako anatumia oksijeni usiku tu, usijipe moyo kwamba kwenye ndege atakuwa kakaa kwenye kiti basi hatahitaji. Kuna watu chini hawatumii kabisa na wakipanda wanaihitaji. Na kuna wengine hawatakiwi kupanda kwa muda fulani hata wapewe oksijeni ya kiasi gani, mfano mtu ambaye pafu lilipasuka hewa ikavuja kifuani na bado haijaisha, au aliyefanyiwa upasuaji wa jicho akawekewa gesi ndani. Huko juu hewa yoyote iliyofungiwa mwilini inatanuka, karibu theluthi moja zaidi, na ikiwa haina pa kutokea inaleta madhara makubwa. Haya mambo yanaamuliwa na daktari anayemjua mgonjwa, msiulizane kwenye magrupu.

Baada ya hapo tiketi. Nilipiga simu kwenye shirika kabla ya kulipa, na naomba hii uishike: piga kabla ya kulipa. Niliyempata mara ya kwanza akaniambia oksijeni hairuhusiwi kabisa. Nikapiga tena siku nyingine, huyu akasema unaleta mtungi wako tu hamna shida. Majibu mawili tofauti na yote mawili hayakuwa sahihi! Mpaka nikaomba niunganishwe na kitengo kinachoshughulika na abiria wenye mahitaji ya kiafya, mashirika mengi makubwa wanacho, na ndo yule dada akanielekeza vizuri kwa utulivu. Pia yeye ndo aliyegundua kwamba ndege yetu ya pili, japo tiketi inaonyesha namba ya shirika lao, inarushwa na shirika jingine. Na kanuni zinazofuatwa ni za yule anayerusha ndege, aliyekuuzia tiketi hawezi kukuahidi kitu kwa niaba yake. Nikatakiwa nianze upya na shirika la pili. Ilichosha, lakini bora kulijua ukiwa nyumbani kuliko ukiwa mlangoni kwa ndege ya pili mama kakaa kwenye kiti cha magurudumu.

Nikieleza kwa kifupi nilichokielewa kuhusu oksijeni yenyewe: mtungi wako wa gesi, kuna mashirika yanaruhusu mdogo, usiozidi kilo 5, kwa kibali chao tu, na mengine hawataki kuusikia, Marekani kwa mfano huruhusiwi kuingia na mtungi wako. Oksijeni ya maji maji, ile ya baridi kali, imekatazwa moja kwa moja. Njia ya kwanza iliyobaki ni oksijeni ya shirika lenyewe, wanakuwekea kwenye kiti, mara nyingi lita 2 au 4 kwa dakika, kwa malipo na kwa kuagiza mapema, na mashirika mengi wameshaacha kuitoa. Ya pili ni ile mashine ndogo inayobebeka, wao wanaiita POC, inavuta hewa ya kawaida inachuja naitrojeni inakupa oksijeni, hakuna gesi iliyobanwa ndani ndo maana inakubalika. Iwe na maandishi ubavuni kwamba imekidhi masharti ya kutumika ndani ya ndege, mtu wa kaunta anaweza kuyatafuta hayo maandishi. Na zile maski zinazodondoka juu ya kiti, mama aliuliza na naona wengi wanajiuliza, zile ni za dharura ya ndege kupoteza presha tu, kwenye ndege nyingi zinatoa oksijeni dakika 12 mpaka 20 hivi basi, usije ukapanda ukizitegemea hizo.

Tulichagua POC kwa sababu ya kitu kimoja ambacho watu hawakifikirii. Oksijeni ya shirika inaanzia kwenye kiti na inaishia kwenye kiti. Sasa ule mwendo wa kutoka kwenye gari mpaka kaunta, kaunta mpaka ukaguzi, ukaguzi mpaka geti, halafu saa zote za kusubiri ndege ya pili, huko mgonjwa anavuta nini? Kwa mtu kama mama ambaye shida yake ni kutembea, huko chini ndo kwenye hatari kuliko hata angani. Tangu hapo nikaanza kuhesabu safari kuanzia kitanda anachotoka mpaka kitanda anachofikia, na kila pengo nikajiuliza hapa anapumua kwa kutumia nini. Huo ndo ushauri wangu mkubwa kuliko wote, mengine yote yanafuata humo.

Mashine tulikodi. Kununua ni hela ndefu sana, na hata kukodi sio mchezo kwa sababu kuna dhamana unaweka, na betri za ziada wanakuhesabia pembeni, kwa kweli betri ndizo zilizotuumiza mfukoni. Ila tuliichukua mapema kabla ya safari na hilo lilituokoa. Unajua mashine nyingi ndogo hazitoi oksijeni mfululizo kama ile kubwa ya nyumbani, zinasubiri uvute pumzi ndo zinapuliza, puf, kila ukivuta. Na ile namba 2 kwenye kitufe chake haimaanishi lita 2 kwa dakika, ni ngazi tu ya hiyo mashine. Kwa hiyo ukisema daktari kaandika lita 2 naweka 2, unaweza ukawa unampa pungufu. Tulirudi nayo kliniki wakamtembeza nayo kwenye korido, wakampima, ikaonekana akikaa 2 inatosha, akitembea inatakiwa 4.

Halafu usiku nikajaribu kitu kingine, nikamwambia mama leo lala na hii. Nikakaa kwenye kiti kando ya kitanda, kipimo nimemvalisha kidoleni. Saa za mwanzo shwari, 94, 93. Akaanza kukoroma, mdomo ukafunguka, na ile puf puf ikaanza kuruka, inapuliza, inanyamaza, inapuliza tena. Mashine inasikiliza puani na yeye anavuta kwa mdomo, haimsikii. Ikaanza kulia alamu, namba ishafika 86. Nikamuamsha, akakaa vizuri, ikarudi. Hii ingetokea angani kwenye giza abiria wote wamelala sijui kama ningeistukia haraka vile. Kulipokucha nikampigia daktari, akasema kwenye ndege asilale kwa kulalia mgongo kabisa, kiti kiinuke, ngazi apandishiwe 3 akisinzia, na mimi nisilale wakati yeye amelala. Kwa hiyo kama mnasafiri safari ndefu na mgonjwa wa oksijeni, wasindikizaji wawili wanaopokezana ni bora zaidi, mmoja anachoka.

Betri sasa. Mashirika mengi yanataka uwe na betri za kutosha muda wa safari na nusu yake juu, yaani asilimia 150. Ndege ya saa 8 unaonyesha betri za saa 12. Na muda wenyewe hauhesabiwi kuanzia ndege inaporuka, unahesabiwa tangu milango inafungwa mpaka inafunguliwa. Na betri inavyoisha inategemea ngazi, ile iliyoandikwa saa 5 ni kwa ngazi 1 au 2, ukiweka 4 inaisha mapema sana, kwa hiyo hesabu kwa ngazi atakayotumia kweli na ukiweza ipime nyumbani kwa saa yako. Betri hizi ni za lithiamu, za akiba lazima ziwe kwenye begi la mkononi, kwenye mzigo wa chini ni marufuku. Mpaka wati-saa 100 kwa kawaida huhitaji kibali, kati ya 100 na 160 shirika likubali kwanza na za akiba hazizidi mbili, juu ya 160 haziendi. Kama kwenye betri hawajaandika wati-saa, chukua volti zidisha na ampea-saa unapata. Ncha za chuma kila betri nilizibandika tepu na kila moja kwenye mfuko wake, maana zikigusana na funguo au sarafu zinaweza kushika moto. Soketi ya kwenye kiti isahau kabisa. Ya kwetu haikufanya kazi, na hata zinazofanya kazi wanaweza kuzizima wakati wowote au zisiwe na nguvu ya kutosha kuendesha mashine.

Kuna na fomu ya shirika ya taarifa za kiafya za abiria, inaitwa MEDIF, upande mmoja unajaza wewe upande mwingine daktari, anaandika ugonjwa, kiwango cha oksijeni anachosoma bila mashine, anahitaji lita ngapi, anaweza kutembea hatua ngapi, anaweza kwenda chooni mwenyewe au la. Wengi wanataka iwafikie angalau saa 48 kabla, wengine zaidi, sisi tuliwahisha. Ombeni wakuandikie kwenye bukingi vitu vyote viwili, oksijeni na kiti cha magurudumu. Kiti cha magurudumu kina alama zake tatu: WCHR ni mtu anayeweza kupanda ngazi ila umbali ndo unamshinda, WCHS ngazi haziwezi, WCHC hawezi kutembea kabisa anafikishwa mpaka kwenye kiti chake. Mama kwa ukaidi wake aliniambia niseme anaweza ngazi. Nikamwambia mama, hapana, ndege inaweza kupaki mbali ukaambiwa panda ngazi nje kwenye jua na begi la mashine begani. Tukaandikisha WCHS na kweli ndege ya kwanza haikuwa kwenye daraja la kupandia, wakamleta na gari lenye lifti.

Dawa nazo zina mambo yake. Daktari alituandikia barua moja yenye jina la mama kama lilivyo kwenye pasi ya kusafiria, ugonjwa, kila dawa kwa jina lake la kitaalamu maana jina la kibiashara linabadilika nchi na nchi, dozi, na kwamba anabeba sindano, insulini, mashine na betri. Dawa zote zikae kwenye maboksi yake yenye lebo, usizimwage kwenye kopo moja la wiki ukaingia nalo mpakani. Kilichotupa kazi ni syrup ya kikohozi, ilikuwa na kodini. Nilikuwa naichukulia kama dawa ya kikohozi tu kumbe kuna nchi kodini na ile dawa ya maumivu tramadoli ni dawa za kulevya kisheria, Falme za Kiarabu kwa mfano unatakiwa uombe kibali kabla hujafika, na Japani kuna dawa zenye amfetamini ambazo hata uwe na cheti cha daktari haziingii. Angalia kila nchi mnayopita na ulizia ubalozi wao, transiti, pale mnapobadilisha ndege, nayo ihesabu, maana ndege ikichelewa mkatolewa nje kwenda kulala hotelini mmeshaingia nchi ya watu na hiyo dawa. Daktari akatubadilishia nyingine isiyo na kodini, shida ikaisha.

Insulini inakaa na wewe mkononi. Huko kwenye mzigo wa chini inaweza kuganda na ikishaganda hata ikiyeyuka inatupwa, na mizigo inapotea. Ambayo haijafunguliwa inapenda nyuzi 2 mpaka 8, inayotumika aina nyingi inakaa kwenye joto la kawaida lisilozidi 30 kwa wiki 4 hivi, kwa hiyo kwa masaa ya ndege huna haja ya barafu nyingi, kipochi cha ubaridi kinatosha, ila isigusane na barafu yenyewe. Dawa zote tulibeba za muda wa safari na ziada ya kutosha, tukagawa kwenye mabegi mawili, yote mawili ya mkononi. Sheria ile ya maji kutozidi mililita 100 dawa huwa haziguswi kwenye viwanja vingi, mradi uzitoe uzitangaze mwenyewe kabla begi halijapita. Nchi mnakoenda ikiwa saa zake zimepishana sana na za nyumbani, mwambie daktari akuandikie ratiba ya sindano kwa saa ya kuondoka, usifanye hesabu hizo kichwani ukiwa angani na usingizi. Wanaovaa pampu ya insulini au kile kisensa cha sukari kinachobandikwa mkononi, watengenezaji wengi wanasema visipitishwe kwenye mashine ya eksirei, omba kukaguliwa kwa mkono.

Siku ya safari tulifika mapema sana na bado muda ulibana. Kwenye kaunta kijana akaangalia kwenye kompyuta akasema, "Dada, hapa naona kiti cha magurudumu tu, oksijeni sioni." Nilisikia moyo unadunda mpaka masikioni. Nikatoa faili, nina barua pepe ya kukubaliwa nimeiprinti, nina MEDIF yenye muhuri, nina barua ya daktari, nina picha ya maandishi ya ubavu wa mashine. Akamuita msimamizi wake, wakapiga simu, wakahesabu betri moja moja wakiandika muda wake, na baada ya dakika nyingi za kusubiri wakagonga boding pasi. Ningekuwa na ile email kwenye simu tu na simu imeishiwa chaji, au intaneti hamna, sijui ingekuwaje. Printi kila kitu, nakala mbili. Na hapo hapo kaunta mama alikuwa anatumia betri, mkae mkijua foleni nayo inakula chaji, chomekeni kwenye soketi ya ukutani popote mnapoiona.

Ukaguzi ulikuwa na heshima kwa kweli, ila uwe tayari kuongea. Walitaka mashine ipite kwenye mkanda. Nikawaambia haiwezi kukatika anaihitaji, wakakubali kuikagua ikiwa mapajani mwake, wakaifuta na kile kikaratasi cha kupima vilipuzi, wakafuta na mikono yake. Kama mgonjwa wako anaweza kukaa dakika chache bila mashine akiwa ametulia, sema hivyo, kama hawezi sema hawezi, usione aibu wala usiruhusu wamharakishe.

Ndani ya ndege tulipewa kiti cha dirishani kwa sababu mrija usizuie watu kupita, na mashine inakaa chini ya kiti cha mbele. Hiyo maana yake usiombe kile kiti cha mbele kabisa chenye ukuta, watu wanakitaka kwa sababu ya miguu lakini chini hakuna pa kuweka mashine wakati wa kupaa na kutua. Kiti cha mlango wa dharura ndo hauruhusiwi kabisa. Nikajitambulisha kwa mhudumu mapema, nikamuonyesha mashine, nikamwambia ikilia ni ya mama asistuke.

Tulipofika juu kipimo kilisoma 91 ngazi 2, sawa sawa na kliniki. Nilifurahi sana kuiona ile namba, nilimbana mama mkono akaniuliza mwanangu vipi. Shida ilikuja kwenye choo. Kutoka kwenye kiti mpaka choo ni hatua chache tu lakini ni hatua za mlimani, nikampandishia 4 kabla hajanyanyuka, nikabeba mashine nyuma yake, na bado aliporudi alisoma 84 na midomo imebadilika rangi. Akakaa, akavuta kwa pua, akatoa kwa mdomo taratibu kama alivyofundishwa, dakika mbili tatu akarudi 90. Baada ya hapo tukapanga, choo kabla ya kupaa, na angani ukihitaji mhudumu analeta kiti chao chembamba cha magurudumu kinachopita katikati ya viti, vipo kwenye ndege nyingi kubwa, sema tu. Wengine wanajinyima maji wasiende chooni, msifanye hivyo, hewa ya ndege ni kavu sana, inakausha makohozi, na damu ikiwa nzito mtu aliyekaa saa nyingi anaweza kupata bonge la damu mguuni. Mama alivaa soksi za kubana alizoandikiwa na nilikuwa namchezesha vifundo vya miguu. Pua ikikauka kwa sababu ya mrija paka jeli ya maji, mafuta ya mgando usipake, mafuta na oksijeni haviendani, vinaweza kushika moto.

Transiti ndo ilionionyesha kwa nini wanataka betri za asilimia 150. Ndege ya pili ilichelewa kwa masaa mengi, ubao unabadilika kila saa. Tulikaa karibu na soketi, nikawa nachaji betri kwa zamu moja inatoka nyingine inaingia, chaja mbili zingekuwa bora. Msukuma kiti wa kwanza alituacha akasema mwingine atakuja na hakuja mpaka nikaenda kumtafuta, kwa hiyo wakikuacha mahali uliza jina la mtu anayefuata na saa ngapi. Insulini nikachoma kwa saa ya kwenye ratiba ya daktari, sikuangalia saa ya ukutani. Na geti la ndege ya pili ni shirika jingine, wakataka kuona MEDIF yao na kuhesabu betri upya kana kwamba hatujatoka popote. Nilikuwa nazo zimejaa zote. Angekuwa na oksijeni ya shirika la kwanza tu, yale masaa yote pale chini angekuwa anavuta hewa tupu na kutembea kwenye makorido.

Tulikofikia kaka alishapangiwa na kampuni ya huko, mashine kubwa ya mfululizo ilikuwa inamsubiri chumbani, imeshajaribiwa, plagi ni ya huko. Hiyo lazima ipangwe kabla, maana POC sio ya kulalia wiki nzima kwa mtu anayekoroma kama mama. Alicheza harusini, ngazi 4, mashine begani kwa binti wa kaka aliyekuwa anamfuata nyuma nyuma. Aliamka amechoka siku mbili tukamuacha apumzike.

Kurudi kuna fomu upya, usidhani ile ya kwenda inatosha. Mashirika mengi wanataka barua ya daktari iwe ya karibuni, kwa hiyo angalia tarehe yake itakuwa imefikisha muda gani siku ya kurudi, na kama mgonjwa alipata mafua au homa mkiwa huko apimwe na daktari wa huko kabla hajapanda. Ukiona safari zitakuwa za mara kwa mara na hali yake ni ile ile haibadiliki, uliza kuhusu kadi inaitwa FREMEC, baadhi ya mashirika wanaitoa, inabaki na maelezo yake ya kiafya kwa muda fulani ili usijaze MEDIF kila safari. Namba yake iandikwe kwenye bukingi, na oksijeni na kiti cha magurudumu bado unaviomba kila tiketi, halafu unapiga simu siku moja kabla kuhakikisha vyote viwili vinaonekana kwenye kompyuta yao.